Umbali wa Teke

Mama alimwita Yatapita,
si kwa ajili ya mbwa, kwa ajili ya jirani:
kila akiita chakula jioni
Bi Nyanzala wa ng'ambo ya reli asikie.
Ndivyo tunavyosemana hapa Usoke,
mbwa hubeba barua,
naye haulizwi kama jina limemkaa.

Halikumkaa.
Kwake hakuna kilichopita.

Mwaka wa mvua nyingi alichomwa chanjo ya kichaa
nje ya ofisi ya kata,
na bwana mifugo aliyevaa gambuti za kijani.
Mara moja tu. Hata dakika haikutimia.
Tangu hapo gambuti za kijani zikipita njiani,
hata zikiwa miguuni mwa muuza maziwa,
aliingia uvunguni
na humtoi hata kwa mfupa.

Pale kwenye mtundu uliopigwa radi
aliwahi kuokota nusu ya kwale.
Miaka minane, kila asubuhi,
alikwenda kuangalia kama nusu nyingine imefika.

Mimi nilidhani kukumbuka ni kutaja.
Nilizitaja stesheni zote, Tabora mpaka Kigoma,
bila kuruka hata moja, mwalimu akanipigia makofi.
Mbwa hakujua jana wala juzi.
Alijua harufu, na miguu ya watu.

Nilikuwa na miaka saba baba alipopanda treni ya Mpanda
na begi moja na redio yetu.
Mama hakumtaja tena. Basi tukamtunga wenyewe,
mimi na Shija, usiku, chini ya blanketi:
baba mrefu, baba wa pipi,
baba aliyetubeba mabegani kwenda mnada wa tumbaku.
Nikiulizwa shuleni nilisema: mpole.
Niliapa kabisa.

Akarudi msimu wa michembe, miaka sita baadaye,
amekonda, na mfuko wa mchele begani,
sauti imelainika kama ngozi iliyolowekwa.
Alinishika kichwa. Mama akainjika chai.
Hata Bi Nyanzala alivuka reli kuja kumpa pole ya safari.

Yatapita akatokea nyuma ya bani.
Akanusa upepo.
Hakubweka. Mkia haukusema lolote.
Alilala kifudifudi, akajivuta hadi kwenye kuni,
na mguu wa nyuma, wa kushoto,
mguu uliopona zamani
tukasahau kwamba uliwahi kuvunjika,
akaukunja hewani kama siku ile.

Siku ile.
Bakuli la uji. Mlango. Kiatu chenye kamba nyekundu.
Na aliyejikunyata nyuma ya mbwa,
aliyelengwa kwanza.

Sijui nilisimama muda gani.
Chai ilichemka ikamwagikia mafiga.

Sitasema baba hakubadilika. Alibadilika.
Alimtupia mbwa minofu ya sahani yake,
akamwita kwa jina, Yatapita, Yatapita, njoo,
na mdomoni mwake jina likawa ombi.
Mbwa alikula baada ya mgongo kugeuka.
Mwezi wa tatu akakubali kuota moto nasi,
lakini alikaa palepale kila usiku,
hatua moja na shubiri kutoka mguu wa baba.
Baba akisogeza kiti, mbwa naye anasogea.
Hakuwa na chuki.
Alikuwa na kipimo.

Tulimzika mwaka jana chini ya mtundu.
Shija alimwekea nusu ya kuku, hakusema kwa nini.

Jana usiku baba alikohoa, akaniomba maji.
Nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote,
nikarudi kwenye kigoda changu.
Moto ulipowaka vizuri nikatazama chini,
kutoka ncha ya kiatu chake
mpaka vidole vyangu.

Hatua moja.
Na shubiri.